Alichouliza Mogeni

Mimi ni mchonga mawe wa Tabaka,
mtoto wa mchonga mawe. Vumbi la kazi yetu ni jeupe,
huingia kwenye chai, kwenye nyusi, kwenye Biblia ya mke wangu.
Marehemu baba aliniachia msumeno na sentensi moja:
jiwe hukatwa, halishonwi.

Ndiyo iliyonijia kinywani, Kisii mjini,
wodi ya kina mama, mvua ya alasiri ikipiga mabati,
daktari alipofunua shuka akasema, kwa upole, sikatai,
"Tutarekebisha kidogo. Akiwa mchanga hivi hatakumbuka."

Mkononi nina fomu. Visanduku viwili, Me na Ke,
kama madirisha ya duka lililofungwa.
Kalamu nimeshapewa. Kemunto, hata jasho la uchungu halijamkauka,
ananishika shati: weka sahihi, Ombati,
weka kabla mama yako hajafika,
kabla soko halijajua.

Nikauliza: anakojoa?
Anakojoa.
Ananyonya?
Kama ndama.
Sasa mnarekebisha nini?
Daktari akatazama saa. "Jamii, mzee. Fikiria jamii."
Basi ilazeni jamii mezani, nikasema,
muipasue hiyo.

Muuguzi mmoja, Bosibori, akanivuta kando koridoni.
"Damu yake ipimwe, na chumvi ya mwilini, leo hii, usikatae,
hilo ni la uhai, halingoji.
Lakini haya mengine hayana homa.
Yanaweza kukaa mpaka mwenyewe aje aseme."
Hayana homa. Nimelala na maneno hayo miaka kumi na mmoja.

Mama alifika kesho yake na chupa ya uji wa wimbi.
Akafungua nepi, akatazama,
akaifunga vizuri kuliko alivyoikuta.
"Mgeni akija," akasema, "humuulizi anakwenda wapi
na hata kiti hujampa."
Akamwita Mogeni.

Usidhani ilikuwa rahisi.
Kemunto hakusema nami hadi mavuno.
Kanisani wapo waliohama benchi, wakajifanya wanafuata upepo.
Karani wa vyeti alinirudisha mara tano:
kompyuta haikubali nafasi tupu, mzee, chagua chochote.
Chochote! Kama mtu anayenunua soda.
Na usiku, nimeshika tupa, nilijiuliza
kama ile ilikuwa busara
au ni ukaidi tu wa mtu aliyezoea mawe.

Sasa Mogeni anapiga msasa viboko wadogo wa kuuzia watalii,
ulimi nje ya mdomo, maji ya beseni yamegeuka maziwa.
Juzi aliomba kusoma faili la hospitali.
Ni lake. Nikampa.
Alisoma polepole, hata ule mwandiko wa daktari
unaofanana na kuku aliyefukuzwa.
Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama:
Wanafunzi saba waliitwa kuona. Picha zilipigwa.

Nilikuwepo.
Nilisimama mlangoni kama askari wa benki
nikilinda wembe usipite,
nao wakapita na simu zao, mmoja baada ya mwingine,
na kila aliyetoka aliniamkia, shikamoo,
nikaitikia, marahaba.

"Baba, nani aliwaruhusu?"
Sikujibu. Akafunga faili, akafuta vumbi la vidole vyake jaladani,
lakini vumbi letu halifutiki, huhama tu.
"Na picha zangu," akasema, "ziko wapi sasa?"

Kulikuwa na jiwe mezani, bado halijaguswa na patasi.
Nikaligeuza.
Nikaligeuza tena.